Waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke, geti la Gede: nyota tano, na sababu zenyewe

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Kama unapanga kuingia Arabuko-Sokoke ulale huko, umejipangia mwenyewe bila kampuni ya safari, basi pesa yako ya kwanza ni ya mwongozaji wa pale geti la Gede. Tenti, darubini, buti, hayo yote yaje baadae. Nasema hivi manake nimeona watu wanatoka Nairobi gari limejaa vitu mpaka juu ya keria, wanauzunguka msitu nusu siku wanatoka hawajaona ila nyani wa barabarani, alafu wanaandika ati msitu ni mtupu. Si mtupu jamani. Wanyama wamo ila wamejificha, na wewe na mimi hatuna macho ya kuwaona.

Safari yenyewe ilianza na binamu yangu anaekaa Muscat. Yeye na wenzake walikua washaangalia video nyingi za watu wanaenda kuwinda misitu ya mbali huko Kameruni na Kongo, wanamtafuta bongo, yule swala mkubwa wa misituni, na nguruwe wa msituni, wanalala kwenye tenti wanapika wenyewe, akanipigia akanambia kaka, nyinyi Malindi mna msitu mkubwa hapo karibu, tupangie na sisi safari ya kuwinda, wenyewe kwa wenyewe, hatutaki kampuni. Nikamwambia binamu, kuwinda Kenya kumefungwa tangu Mei 1977, mimi na wewe hatujazaliwa, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi, hata ukisema unawinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na faini zake na jela yake si za kuchezea. Akaniuliza na Tanzania je? Tanzania uwindaji wa kitalii upo lakini ni wa leseni na vitalu maalum na mwindaji bingwa wa kampuni lazima awe na wewe, kwa hivyo ile ndoto ya kuingia msituni wenyewe na bunduki mgongoni haipo hata huko. Na hao wa Kameruni anaowaona kwenye video, aangalie vizuri mbele yao kuna nani. Kuna Mbaka, mwenyeji wa misitu ya huko, anafuata nyayo. Yule mwenye bunduki anamfuata Mbaka.

Hapo ndipo nilipompa wazo langu. Nikamwambia kile unachokitamani wewe ni kuamka alfajiri, kunyamaza, kufuata nyayo, kumkuta mnyama kwake bila yeye kujua. Hicho Arabuko-Sokoke kipo chote na ni halali, utakosa ile risasi tu. Njoo na kamera. Akaguna kidogo, lakini akaja.

Kwa wasioujua, huu msitu uko njia ya Mombasa, ukitoka Malindi mjini ni kama kilomita 20 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 400 za mraba. Wengi wetu tunaupita kwenye matatu kila wiki tunauona kama ukuta wa miti tu mkono mmoja wa barabara. Ndani uko sehemu tatu na kila sehemu ina wenyewe. Kuna msitu mchanganyiko wenye mbambakofi, ule mti wa milango yetu ya kuchonga. Kuna sehemu ya mirihi, mchanga mweupe, miti imeachana unaona mbali. Alafu kuna sehemu ya udongo mwekundu, vichaka vya Cynometra vimefungana mpaka unapita umeinama. Usipoijua tofauti hii utatafuta ndege wa mirihi kwenye Cynometra na utachoka bure. Hilo ni somo la kwanza tulilopewa na mwongozaji wetu tena kabla hatujaingia, alikata kijiti akachora msitu wote chini mchangani, akauliza, mnataka kuona nini hasa, manake siwezi kuwapa vyote kwa pamoja.

Napenda mtu anaeuliza hivyo. Wengi kwenye biashara hii wanakuahidi kila kitu.

Mwongozaji wetu ni mtu mzima, Mgiriama wa vijiji vya hapo hapo pembeni mwa msitu. Jina silitaji manake sikumuomba ruhusa. Sisi tulimuita baba, na yeye alituita wanangu japo binamu ana mvi kuliko yeye. Nilitarajia atakua na kitabu cha ndege mkononi kama walivyo wengine, kitabu alikua nacho ila hakukifungua mpaka sisi tulipotaka kuhakikisha. Kazi yake kubwa ni masikio. Tunatembea anasimama ghafla mkono juu, sisi hatusikii chochote, yeye anasema pale, mbele kushoto, anapita. Unasubiri. Alafu kweli majani makavu yanalia krrp krrp, anatokea sengi.

Hapa niseme kidogo manake huyu sengi watu wa Malindi wenyewe hawamjui. Ni kinyama kidogo kama sungura mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na huku nyuma kwenye makalio ana kiraka cha manjano kama dhahabu kabisa. Anapatikana msitu huu na vipande vichache vya msitu huku huku pwani, dunia nzima hakuna kwengine. Wanaishi wawili wawili, dume na jike wana eneo lao wanalilinda, na wanalala kwenye kiota cha majani chini. Baba alitwambia akishtuka anapiga mkia chini kwenye majani, na ndio ile sauti aliyoisikia yeye. Binamu alimpiga picha tano sita zote ukungu, ya mwisho ikatoka, ile rangi ya manjano inaonekana sawasawa kwenye kijua kilichopenya. Wallahi sijamuona akifurahi vile tangu harusi yake.

Bundi ndio kisa chenyewe lakini. Bundi wa Sokoke ni mdogo, hafiki shubiri moja ya mtu mkubwa, na wanasayansi walimjua juzi juzi tu, 1965. Miaka mingi ikaaminika yuko hapa peke yake mpaka akaonekana na kule milima ya Usambara Tanzania kwenye miaka ya tisini. Mchana analala kwenye Cynometra, chini chini tu urefu wa kifua cha mtu, hajifichi shimoni wala nini, anakaa kwenye tawi akitegemea kwamba hutamuona. Na hutamuona. Baba aliingia kichakani peke yake akatwambia tukae tusiongee, akakaa huko muda mrefu mpaka wenzangu wakaanza kuangalia saa, akarudi akatuita kwa kidole. Tukapita tumeinama, miiba inashika nguo, akatusimamisha. Akaonyesha. Mimi naona majani. Akasogea nyuma yangu akanigeuza kichwa kwa mikono yake miwili kama unavyomgeuza mtoto aangalie mwezi, akasema fuata huu mti mwembamba, panda, mkono wa kulia. Na pale ndipo yalipotokea macho. Wawili, wamekaa bega kwa bega, mmoja wa kijivu mwengine mwekundu wa kutu, wamefumba nusu jicho wanatuangalia sisi. Nlikua naweza kunyoosha mkono nikawagusa. Tuliangalia kidogo tukapiga picha bila taa, akasema basi, twendeni, tukikaa sana watahama na kesho sitawapata. Hapo nikajua tumempata mtu anaeujali msitu kuliko bahashishi yake.

Nilimuuliza njiani hii kazi ya kusoma nyayo kaijulia wapi. Akasema kwa wazee. Kule nyuma ya msitu na kuelekea Tsavo walikuepo Wasanye, hao ndio walikua mabingwa wa tembo wa kweli, upinde mrefu mgumu ambao mtu wa kawaida hauvuti, na mshale wenye sumu ya utsungu inayochemshwa kwenye mti wake. Kwenye miaka ya hamsini wakoloni walipoanzisha kampeni dhidi ya ujangili Tsavo, wengi wakafungwa. Maarifa yao hayakufungwa, yamepita kwa majirani, na leo ndio yanayolisha watu kama yeye kwa njia nyengine. Yeye alinieleza hayo taratibu tu huku anakagua mavi ya tembo kwa ncha ya fimbo, akaniwekea mkono wangu juu yake nihisi joto, akasema asubuhi hii hii, tupite upande wa pili. Tukapita upande wa pili bila ubishi. Tembo wamo ndani, uzio wa umeme umewekwa mipakani wasiingie mashambani kwa watu, na nyati pia wamo. Ukitaka kwenda ndani sana unakwenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye silaha. Huu ndio ushahidi wangu kwamba safari ya kujipangia si sawa na safari ya peke yako. Jipangie siku, jipangie chakula, jipangie mfuko wako, lakini kutembea tembea na mtu wa hapo.

Kuna kitu kimoja kilichoniuma na lazima nikiandike. Tulipita kwenye kijia chembamba cha paa, baba akainama, akavuta waya. Mtego. Waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kitanzi, umefichwa na majani, urefu wa shingo ya paa nunga kabisa. Paa nunga ni wachache mno duniani, msitu huu na Unguja na misitu michache tu ya pwani ya Kenya kama Boni kule Lamu, na wanakufa hivi, kwa kitoweo cha siku moja. Hakusema mengi, aliufungua, akaukunja akautia begini wa kupeleka kwa askari, akaweka alama pale. Tukapata mwengine mbele. Binamu alieniambia tupangie kuwinda, yeye ndie alieng'oa ule wa pili kwa mikono yake na akabaki kimya mpaka kambini. Nakuombeni nyinyi wenzangu wa Malindi na Watamu na Kakoneni, mtu akikunong'oneza kuna nyama ya paa nzuri bei rahisi, kataa. Hiyo nyama imetoka kwenye waya ule.

Sasa mambo ya mipango manake najua ndio mnayoyataka.

Usafiri rahisi. Matatu za Malindi kwenda Mombasa zote zinapita, mwambie konda akushushe kituo cha msitu Gede, kiko barabara kuu hapo hapo. Ukiwa na mizigo mingi chukua tuktuk ya kukodi toka mjini mkubaliane kwenda na kurudi, na mpigie dereva siku moja kabla ya kurudi umkumbushe, wa kwetu alisahau, nusra tupitiwe na magharibi barabarani. Malipo ya serikali sikuhizi ni eCitizen, kwa hivyo lipia nyumbani wakati una bando na netwaki, usije ukahangaika getini simu imezima. Bei ya mkaazi na ya mgeni si moja, binamu ana pasi ya nje akalipa ya nje, msibishane na askari kwa hilo. Ya mwongozaji ni mbali, mnakubaliana nae mwanzo kabisa, asubuhi tu au siku nzima au na usiku, na mwambie mapema kama unataka bundi manake hiyo ni kazi ya alfajiri na ya subra.

Maji. Msitu huu ni mkavu, beba yote. Madumu ya lita ishirini, hesabu ya kunywa na kupika na kutawadha, alafu ongeza dumu moja juu ya hesabu yako. Sisi tulitoka na mahamri ya jana yake na mbaazi za nazi zishapikwa, tende, viazi, na samaki wa kukaanga wa siku ya kwanza manake hafiki kesho na joto la Malindi. Jiko tulitumia la gesi lile dogo la kilo tatu. Kuni msiokote na moto wa kuni msiwashe, wakati wa kaskazi yale majani yameshakauka yanangoja cheche tu.

Nguo ni jambo watu wanalidharau. Mbung'o wapo, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, mwenzetu mmoja alikuja na fulana ya bluu ya timu yake wakamtafuna yeye sote tunaangalia. Vaa khaki au kijani iliyopauka, mikono mirefu, suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na buti zinazofunika vifundo manake bafe analala kwenye majani na hakimbii kama nyoka wengine. Ukikaa chini kagua siafu kwanza. Neti ya mbu lazima. Marashi na udi acheni nyumbani, baba alitwambia mapema paa anasikia harufu kabla hajasikia mguu, na kweli siku ya binamu na oud yake ya Muscat hatukuona hata funo mmoja.

Tenti tulikodi duka moja mjini, jina nalihifadhi, na hapo sikuridhika. Zipu ya mlango haifungi mpaka chini, vigingi pungufu, na harufu ya ukungu ya mtu alieirudisha mbichi. Tulifunga mlango kwa pini za mtandio. Kwa hivyo popote mtakapokodi, isimamisheni hapo hapo dukani mbele ya muuzaji, fungua funga zipu zote, hesabu vigingi, ndio mtoe pesa. Akikataa kukufungulia basi ushapata jibu lako.

Wakati mzuri kwangu ni baada ya mvua kubwa kuisha, Julai Agosti, kuna upepo wa kusi, usiku unapoa unajifunika shuka. Aprili na Mei musiende na gari, udongo mwekundu wa kule Cynometra ukilowa ni utelezi mtupu. Wapenda ndege wa nje wengi wanakuja msimu wa baridi ya kwao na waongozaji wazuri wanabukiwa mapema. Na ndege wapo kweli, baba alituonyesha kundi la mnana wa Clarke juu ya mirihi, wa manjano na weusi, wanapita kwa kelele kama watoto wakitoka chuoni, akatwambia miaka na miaka hakuna mtaalamu aliejua wanazalia wapi, mpaka 2013 viota vikapatikana Dakatcha huku nyuma ya Marafa, kwenye bwawa la nyasi. Ni ndege wa kaunti yetu ya Kilifi peke yake. Mimi nimezaliwa Malindi na nilikua sijui.

Mwenye watoto na asietaka kulala msituni, pia inafaa: asubuhi njia fupi ya miguu na mwongozaji, mchana magofu ya Gede ambayo tangu 2024 yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na hapo hapo ndani kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, wakulima wa pembeni mwa msitu wanafuga vipepeo na pupa zao zinauzwa nje, waonyesheni watoto wajue msitu unalipa ukiwa umesimama. Jioni malizia daraja la mbao la Mida Creek kati ya mikoko. Pesa za pale zinasaidia karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa hivyo ile tiketi msiione ghali. Na kama mna gari la kupanda mchanga, muombe mwongozaji awapeleke Nyari, upande wa bara, pale juu unauona msitu wote chini yako mpaka bahari ya Watamu.

Binamu amerudi Muscat na ameshaniambia mwakani anakuja na watoto wake wa kiume, ameuliza kama yule baba atakuepo. Nimeshampigia baba. Amesema tuje katikati ya wiki, wikiendi magari ya barabara kuu yana kelele nyingi asubuhi na bundi wa upande wa karibu hawasikiki vizuri, na amesema tumwambie binamu asije na oud.